Tahadhari: fundi wa "miksi ya hedifoni" ametula KSh 13,000

Wanamuziki wenzangu, hasa nyinyi mnaorekodi rock chumbani kama sisi: kuna jamaa anajitangaza Facebook na WhatsApp kwamba anamiksi nyimbo (anazichanganya sauti zilizorekodiwa ziwe wimbo mmoja) "zisikike poa kwenye hedifoni yoyote, siku mbili tu". Simtaji jina kwa sababu jina analotumia si lake, na ukurasa ule wa kwanza ameshaufuta. Mbinu yake ndiyo haibadiliki, basi nitaieleza hiyo.

Sisi ni bendi ya watu watatu, Nairobi. Tulirekodi wimbo mmoja chumbani kwangu, godoro limeegemezwa ukutani nyuma ya amplifaya, jumla treki 19, yaani rekodi 19 za sauti moja moja. Nikamiksi mwenyewe. Kwenye spika za sebuleni wimbo ulikuwa sawa. Kwenye hedifoni, balaa: gitaa la kushoto linachoma sikio kama msumari, mwimbaji amekwama katikati ya kichwa, na mwangwi niliodhani ni kidogo unasikika kana kwamba tuliimbia ndani ya tangi la maji.

Tatizo hili linawapata wengi na lina sababu yake. Unaposikiliza spika, sikio la kulia nalo hupata sauti ya spika ya kushoto: inafika imechelewa kidogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na makali yake yamepunguzwa na kichwa chako mwenyewe. Hedifoni haina mchanganyiko huo. Ulichokisukuma kushoto kabisa kinabaki sikio la kushoto peke yake. Chumba nacho hakipo cha kukufichia makosa. Jamaa alinieleza haya yote kwa ujumbe wa sauti, vizuri kuliko ninavyoyaeleza mimi hapa, na hapo ndipo nilipomwamini.

Akanitumia mfano wa kazi zake, "kabla" na "baada". Nikasikiliza, nikaona tofauti ya mbingu na ardhi. Leo najua kwamba ile "baada" ilikuwa na sauti kubwa zaidi tu. Sikio hudanganyika kirahisi hapo: wimbo uleule ukiupandisha desibeli mbili, mtu atakuambia huu wa pili una besi nzuri, una uhai. Siku hizi kabla ya kulinganisha nashusha ule wenye kelele hadi zilingane. Ningefanya hivyo siku ile, tungekuwa na pesa zetu.

Tulikubaliana KSh 13,000, nusu kwanza, kwa M-Pesa. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha halikufanana kabisa na lile la ukurasa. Nikauliza, nikaambiwa ni laini ya dada yake. Haya. Nikapakia treki zote 19 za WAV (faili za sauti zisizobanwa), kila moja peke yake, zimesafishwa. Akaomba pia MP3 ya ile miksi yangu mbovu "nijue mnataka nini". Ombi hilo ni la kawaida, hata mafundi wa kweli huliomba, kwa hiyo sikushtuka. Nilipaswa kushtuka kwamba hakuuliza kitu kingine chochote: si kasi ya wimbo, si treki ipi ni ipi, si bendi gani tunapenda zinavyosikika.

Siku ya pili faili ikafika na maelezo haya, ninayanukuu kutoka kwenye simu yangu: "Usicheze kwa spika, hii ni miksi ya hedifoni." Nikavaa hedifoni, saa sita usiku. Sauti pana ajabu, magitaa kama yapo nje ya masikio, mwimbaji anazunguka nyuma ya kisogo. Kuna kitu kilinikera ambacho sikuweza kukitaja, lakini nilikuwa na furaha na usingizi. Nikalipa nusu iliyobaki.

Kesho yake tuko kibandani tunakula chapo, mpiga besi wetu akauweka wimbo kwenye kispika cha bluetooth, vile vidogo vyenye spika moja. Mwimbaji hayupo. Snea (ile ngoma yenye mlio mkali) haipo, kiki haipo (kiki ya ngoma, si zile za mitandaoni), na besi yake mwenyewe imepotea. Yamebaki magitaa mawili na vumbi la mwangwi. Nikadhani kispika kimekufa. Tukacheza wimbo mwingine, kikawa kizima.

Nilirudi nyumbani nikafungua faili kwenye Audacity, ambayo ni ya bure. Nikatenganisha upande wa kushoto na wa kulia, nikaugeuza ule wa kulia kwa amri ya Invert. Kila kitu kikarudi mahali pake, na kilichorudi kilikuwa miksi yangu ileile. Jamaa alikuwa amepindua wimbi la upande mmoja. Ukifanya hivyo, kila kilicho katikati (sauti ya kuimba, besi, snea, kiki) kinajifuta mara pande mbili zinapojumlishwa kuwa mono, yaani sauti moja kama ya kile kispika. Kwenye hedifoni pande hazikutani, kwa hiyo hakifutiki, kinasikika tu "kipana" na kisicho na mahali. Ndiyo maana alinikataza spika.

Nikaenda mbele zaidi: nikailinganisha na MP3 yangu, nikasawazisha ukubwa wa sauti, nikapindua moja na kuzijumlisha, maana zinazofanana hufutana. Kama zingekuwa kazi mbili tofauti, ningesikia wimbo. Nilisikia mikwaruzo ya trebo aliyoongeza na makombo ya limita (kibana-sauti kinachopandisha kelele), basi. Ushahidi niupendao zaidi ni mbwa. Kwenye MP3, mbwa wa jirani anabweka baada ya kodi ya mwisho ya gitaa. Kwenye WAV nilimkata kabla ya kutuma. Kwenye "miksi" ya elfu kumi na tatu mbwa yupo, tena anasikika kuliko mwanzo kwa sababu limita imemnyanyua. Treki zetu 19 hakuzigusa. Na hiyo nguvu yote ilipima LUFS -7 (kipimo cha ukubwa wa sauti, kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo kelele inavyozidi), wakati Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida huushusha wimbo kama huo hadi karibu na -14. Hata kelele tuliyouziwa isingefika kwa msikilizaji.

Nilipomwandikia alijibu kwamba hedifoni zangu ni feki. Nilipomtumia rekodi ya mbwa akanifungia.

Kwa anayezungumza naye sasa, au na yeyote anayefanana naye: kabla ya kumaliza kulipa, cheza alichokutumia kwa simu au kispika kimoja. Miksi halali ya wimbo wa kawaida kama wetu haikatazwi spika. Kazi yenyewe ni isikike sawa kote. Kisha mwombe wimbo uleule bila mwimbaji, au besi ipande kidogo kwenye ubeti wa pili pekee. Aliye na treki zako atafanya hivyo kwa dakika chache. Aliye na MP3 tu atahangaika. Zipo programu za kutenganisha sauti siku hizi, lakini sikiliza matoazi, mara nyingi hubaki na mapovu kama yamepigiwa majini.

Wimbo tuliumiksi upya wenyewe. Magitaa tuliyarudisha ndani, kama asilimia 75 badala ya ukingoni, na ule msumari ukaisha. Nilipiga gitaa la pili upya kabisa, maana mwanzoni nilinakili treki moja na kuichelewesha milisekunde 15, kosa langu mwenyewe: kwenye mono masafa ya hezi 33, 100, 167 na kuendelea yanakatika, gitaa linakuwa kama liko ndani ya bomba. Mwangwi tukaukata nusu. Besi tukaiongezea ukwaruzo kidogo ili iyafoni za shilingi mia tatu nazo ziipate.

Nimeandikisha OB (kitabu cha ripoti) kituo cha polisi, na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana laini ya bure ya kuripoti, 0800 722 203. Hifadhini mazungumzo, ujumbe wa M-Pesa na faili yenyewe. Msifute kwa hasira.

Juzi mpiga gitaa wa bendi nyingine ameniandikia: ukurasa mwingine, laini nyingine, mfano uleule wa "kabla" na "baada". Nilimwambia aombe wimbo bila mwimbaji. Amejibiwa kwamba "hiyo ni paketi tofauti". Pesa zake bado anazo.