Hendauti ya utawala bora ya buku nane pale Ng'ong'ona: nunua kwa ajili ya sura ya Uswidi, mengine vumilia

Wakuu mnaokuja Dodoma kwenye usaili wa Utumishi, kuna hendauti ya utawala bora inauzwa kwenye stesheneri moja upande wa Ng'ong'ona njia ya UDOM, jina la duka siweki maana nina malalamiko nao, ila maduka yenyewe pale yamepangana, ukiulizia notsi za usaili utaonyeshwa tu. Buku nane, imebaindiwa spairo. Watu wananiuliza inbox kama inafaa kutoa hiyo hela wakati kwenye magrupu ya WhatsApp notsi zinazunguka bure, sa nawajibu hapa mara moja.

Nusu yake ni yale yale, maana ya utawala bora, nguzo zake, uwazi, uwajibikaji, umeshayasoma chuo na utayasoma tena, na kurasa zingine ni kopi ya kopi mpaka herufi zimefutika. Hizo ruka. Kilichonifanya nisijutie buku nane zangu ni sura ya ombudsman, yule mtu wa kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi, maana aliyeiandika (hajaweka jina, sijui mhadhiri gani huyo) ameanzia mbali kabisa, Uswidi ya miaka ya 1700, na anasimulia hadi unasahau kama una pepa keshokutwa.

Stori yenyewe iko hivi. Mfalme Karl XII alitoka Stockholm mwaka 1700 kwenda vitani na hakurudi tena kwenye huo mji mpaka anakufa. Mwaka 1709 akapigwa vibaya na Warusi wa Peter Mkuu pale Poltava, akakimbilia kwenye himaya ya Waturuki, akakaa huko miaka zaidi ya mitano, mwanzoni pale Bender, huku ndo anatawala kwa barua. Barua za farasi hizo. Sasa we fikiria mabosi wa Stockholm, mfalme hayupo, vita vinakula hela, kodi zinakusanywa, nani anawaangalia? Watu wa Dodoma hili tunalielewa bila kufundishwa, sisi tumetangaziwa makao makuu toka 1973 na mafaili yakaendelea kukaa Dar mpaka juzi juzi hapa 2016 ndo yakaanza kupakiwa kwenye malori. Basi Oktoba 1713 akiwa bado hukohuko kwa Waturuki, mwezi wa pili mwaka huohuo ametoka kupigana nao hao hao wenyeji wake (jamaa alikuwa na kichwa kigumu sana), akasaini amri ya kuanzisha cheo cha Ombudsman Mkuu, kazi yake kuhakikisha majaji, wakusanya kodi na watumishi wote wa mfalme wanafuata sheria, na akikuta mtu anazembea amshitaki. Mwaka 1718 Karl akauawa kwa risasi akiwa vitani Norwei, na mwaka 1719 kile cheo kikabadilishwa jina kikawa Justitiekansler, chansela wa haki, ambacho mpaka leo kipo na anateuliwa na serikali.

Hapo sasa ndo hendauti inapoharibu. Inaruka moja kwa moja inasema ombudsman wa kwanza duniani aliteuliwa na mfalme mwaka 1908. Kwanza tarakimu zimegeuzwa, ni 1809, na hili ni la mchapaji nadhani. Lakini kubwa zaidi inachanganya maofisa wawili tofauti kabisa, na msaili akikubana hapo umeisha. Wa 1713 ni mtu wa mfalme, anawaangalia watumishi kwa niaba ya bosi wao. Wa 1809 ni mtu wa bunge. Mwaka huo Waswidi walikuwa wamechoka, wamenyang'anywa Ufini na Urusi, wakampindua mfalme Gustav IV Adolf wakaandika katiba mpya, na ndani yake wakaweka ofisa atakayechaguliwa na bunge lenyewe, Justitieombudsman, ili mlinzi asiwe tena mikononi mwa mfalme. Wa kwanza alichaguliwa 1810, Lars Augustin Mannerheim. Na walikuwa na sababu, maana kuanzia 1766 bunge lao lilikuwa limeshapata nguvu ya kumchagua yule chansela, halafu 1772 mfalme Gustav III akapindua meza madaraka yakarudi kwake. Hilo la 1766 na 1772 kwenye hendauti halimo kabisa, na bila hilo huwezi kuelewa kwa nini 1809 walitengeneza ofisi mpya badala ya kuitumia iliyokuwepo.

Halafu inakuja Tanzania, kurasa mbili tu, kidogo mno kwa kweli. Inataja Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya 1966, ambayo ndo ilikuwa ombudsman wetu, na mwenyekiti wake wa kwanza Chifu Erasto Mang'enya, inataja Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iliyokuja na sheria ya 2001, basi. Inasema tu eti tuliiga Uswidi. Tuliiga ipi kati ya mbili? Ile ya 1966 ripoti zake zilikuwa zinakwenda kwa Rais na yeye ndo anaamua kifanyike nini, hiyo kwangu mimi iko karibu zaidi na ile ya Karl XII kuliko ya Mannerheim. Ya sasa makamishna wanateuliwa na Rais lakini taarifa ya mwaka inafika bungeni kupitia kwa waziri, yaani imekaa katikati. Swali la namna hiyo likija kwenye mahojiano ya ana kwa ana, majibu hutoyapata humu.

Huduma ya duka, dada pale yuko fresh, nilimwonyesha ile 1908 akasema, "Kaka yangu mi natoa kopi tu, mwenye softi kopi ndo wa kumwambia," sawa, ila ya kwangu ilikuwa na kurasa zilizopinduliwa na kubadilishiwa hawakutaka, nikaambiwa ukishatoka nayo dukani ni yako. Hiyo siyo sawa kabisa. Mpesa wanapokea.

Nyota tatu. Ipekue kabla hujalipa, na chukua yenye jalada la bluu, ya kijani ni ya zamani na sura ya Uswidi haina.