Kifaa cha kunolea kisu kwa pembe moja: kilichonipata

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Kisu changu cha jikoni, ambacho nimekaa nacho miaka mingi mpaka mpini umezoea kiganja changu, sasa kina mchubuko mrefu ubavuni, kutoka karibu na mpini hadi katikati ya bapa. Kila nikikiosha nauona.

Kifaa chenyewe ni kile ambacho kisu unakibana, halafu kinoo kinapita juu ya makali kikiwa kimeshikwa na nondo nyembamba ili pembe isibadilike. Nilikitaka kwa sababu mkono wangu ulikuwa hautulii. Kwenye kinoo cha kawaida naanza na pembe moja namaliza na nyingine. Mkono ukienda unashuka, ukirudi unapanda, na makali yanakuwa ya mviringo. Kisu kinang'aa lakini hakikati.

Siku ya kwanza nilifurahi mno. Nilikiweka kwenye pembe ya nyuzi 15 kila upande, nikapaka maka peni ukingoni mwa makali ili nione kinoo kinagusa wapi, nikapitisha kinoo cha namba 400, chenye chembe kubwa, mara chache. Wino ukatoka wote sawasawa, kutoka upande wa mpini hadi karibu na ncha. Nikaendelea mpaka kidole gumba kikaugusa ule unyuzi wa chuma unaojikunja upande wa pili, nikageuza, kisha nikamalizia na vinoo laini zaidi, vya 1000 na 3000. Karatasi ilikatika bila sauti. Niliita watu waje waone.

Haikupita muda, ikaja habari ya skrubu ya kibano. Skrubu ni ya chuma, lakini inaingia kwenye plastiki! Niliikaza kama siku zote, kwa vidole viwili, ikalegea ghafla na kuanza kuzunguka bure. Sredi zimeliwa. Nikatikisa kisu, nikaona kimesimama, nikaendelea. Mpito wa tatu au wa nne kikateleza na kulala, na kinoo cha 400 kikapanda juu ya bapa. Mlio ule sitausahau. Nilipopaka wino tena kukagua, ukafutika juu, mbali na makali, huku ukingoni umebaki mweusi vile vile. Yaani pembe ilishahama mapema, na mimi nilikuwa nakwangua chuma bure.

Nikawaandikia waliouza, nikaambatanisha picha tatu. Jibu likaja mstari mmoja: nimekaza kupita kiasi, kifaa hakina tatizo. Hata pole hakuna. Nikauliza, basi nikaze kiasi gani, maana kijitabu chao hakisemi? Mpaka leo kimya. Hilo la kimya limeniuma kuliko mchubuko.

Na kuna mambo ambayo walipaswa kuyasema wazi. Kwenye kisu kirefu, ncha iko mbali zaidi na pale nondo inapoegemea, kwa hiyo pembe ya nchani inakuwa ndogo kuliko ya katikati. Ukibadilisha kinoo na kuweka kinene zaidi, pembe nayo inabadilika, inabidi upime upya. Wao wanakuambia weka namba, noa, basi.

Nilikusudia kukipa nyota moja nimalize. Lakini juzi nililowesha kinoo changu cha zamani nikajaribu kwa mkono. Bapa la kisu changu lina upana wa kama milimita 45, kwa hiyo kwa nyuzi 15 mgongo wa kisu unainuka karibu milimita 12 kutoka kwenye kinoo. Nikainua kiasi hicho, nikafunga viwiko mbavuni, nikasikiliza. Pembe ikitulia, kinoo kinatoa mlio mmoja, mwendo mzima. Mkono ukipanda, mlio unabadilika. Mlio huo niliufahamia kwenye kile kifaa, siku ile ya kwanza. Wino ukatoka karibu wote. Kwa hiyo siwezi kusema hakikunisaidia, na kama skrubu ile ingeingia kwenye chuma ningewaambia kinunueni leo.

Nyota mbili, basi. Ingawa nikikumbuka lile jibu lao, hata hiyo ya pili naitoa kwa shingo upande.

Mliokwisha kukinunua, fungeni bapa kwa seloteipu kabla ya kubana. Na skrubu ikizunguka hata nusu duara bila kushika, toeni kisu hapo hapo, msipitishe kinoo hata mara moja zaidi.