Taima ya duara jekundu kwa msichana mwenye ADHD: inafaa, ila chagua vizuri

Taima hii iko mezani kwetu hapa Free Area, Nakuru, tangu muhula wa kwanza, kwa hivyo nazungumzia kitu ninachokijua. Ni saa ndogo ya plastiki nyeupe yenye namba kuanzia 0 hadi 60. Ukizungusha kishikio cha katikati, duara jekundu linatokea na kufunika dakika ulizochagua. Dakika zinavyokwenda, ule wekundu unapungua polepole hadi uishe, kisha taima inalia. Haihitaji intaneti wala programu, ni betri moja tu. Nilinunua shilingi 1,650. Zile za asili zinaitwa Time Timer. Zilibuniwa Marekani na mama mmoja, Jan Rogers, kwa ajili ya binti yake mdogo aliyekuwa akiuliza kila mara ni muda gani umebaki. Yangu si ya kampuni hiyo, ni mojawapo ya zile za bei nafuu.

Binti yangu ana miaka 10 na yuko gredi ya 5. Ana ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu apate shida kutulia au kuweka akili kwenye jambo moja. Yake ni ya upungufu wa umakini, ile isiyo na kurukaruka. Nalitaja hili wazi kwa sababu wazazi wengi wa wasichana hawajui kwamba aina hiyo ipo. Tukisikia ADHD, anayetujia akilini ni mvulana anayepanda juu ya dawati na ambaye mama yake haishi kuitwa shuleni. Binti yangu hajawahi kumpandia mtu dawati. Ripoti zake zilisema ni mtoto mtulivu, mwenye heshima, ana uwezo ila hajitahidi. Sweta zinapotea. Kazi ya shule anaimaliza nyumbani, kisha anasahau kumpa mwalimu ilhali iko ndani ya mkoba. Ukimtuma vitu viwili, atarudi na kimoja, au atakutwa kwenye veranda akitazama ndege. Mtoto asiyemsumbua mtu hakuna anayemuuliza, na ndiyo maana wasichana wengi hutambuliwa wakiwa wamechelewa, wengine wakiwa watu wazima, baada ya miaka mingi ya kuambiwa ni wavivu.

Taima haipimi ugonjwa wowote, kwa hivyo usianzie dukani. Sisi tulianzia kwa daktari. Alitaka macho na masikio yapimwe kwanza, akauliza habari za usingizi, akauliza pia kama kuna nyakati mtoto anakodoa macho na hasikii hata ukimgusa, kwa kuwa kuna kifafa cha aina hiyo kinachofanana na kuota mchana. Sisi wazazi tukajaza fomu ya maswali na mwalimu akajaza yake. Wanachotafuta ni dalili za kutosha zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya miaka 12, na zinazoonekana sehemu zaidi ya moja, si shuleni peke yake. Dawa tulielezwa pia, na hilo ni la kuzungumza na daktari wako, si la kuamuliwa kwa ushauri wa jirani. Kwa upande wa shule, serikali ina vituo vya EARC vinavyotathmini mahitaji ya mtoto na kushauri shule. Huduma hiyo ilianza mwaka 1984, na bado nakutana na wazazi ambao hawajawahi kuisikia.

Sasa taima yenyewe. Asubuhi ndipo inapolipa gharama yake yote. Basi la shule linapita barabarani saa kumi na mbili na dakika ishirini. Zamani ungemkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, macho kwenye mwanga wa dirisha. Ukimwambia "una dakika kumi," anajibu "sawa Mami," na anamaanisha kabisa. Ila hizo dakika kumi hazioni. Mwanasaikolojia Russell Barkley wa Marekani ameeleza kwa miaka mingi kwamba mtu mwenye ADHD ni kama mwenye macho yasiyoona mbali, ila kwake kilicho mbali ni wakati ujao. Nilipoweka taima juu ya kabati, dakika kumi zikawa kitu anachoweza kukitazama. Anavaa soksi, anatupia jicho ule wekundu, anatafuta kiatu. Mimi siiti jina lake tena na tena kutoka jikoni, na hilo peke yake limebadilisha asubuhi zetu. Mtoto anayeanza siku bila kufokewa anaonekana hata usoni.

Jioni inafanya kazi ikitumiwa kwa kiasi. Usiiwashe mara tu anaposhuka kwenye basi. Wasichana hawa hujikaza mchana kutwa: wanaiga wenzao, wanatabasamu, wanajificha wasionekane wamepotea darasani. Wakifika nyumbani wanamwaga yote, na shosho anasema mtoto amedekezwa. Mpe chai na mandazi, aende nje acheze. Halafu dakika kumi na tano za hesabu, tano za kunyoosha miguu, kumi na tano tena. Mimi huwa nakaa karibu nikichambua mboga, kwa sababu uwepo wa mtu mzima humsaidia kubaki kwenye kazi. Namwambia jambo moja kwa wakati. Na taima ikiisha kabla hajamaliza, tunafunga daftari, naandika kidokezo kwa mwalimu. Mwalimu wake amekubali hivyo, na namshukuru sana.

Kasoro zipo. Mlio wa hii ya kwetu ni mkali mno, na mtoto wangu anashtuka vibaya kwa sauti za ghafla. Nilibandika selotepu juu ya matundu ya spika, ukapungua. Ukipata yenye swichi ya kuzima sauti, ongeza pesa uichukue. Pili, usiiamini kwa muda mfupi: ukiweka dakika tatu inaweza kulia mbili na nusu. Tatu, haina kioo mbele, na kaka yake mdogo aligundua mapema kwamba kidole kinaweza kusukuma duara. Sasa inakaa juu asipofikia. Niliyonunua kabla ya hii, kwenye kibanda kimoja mjini, ilikuwa inakwama kwenye 20 na haisogei. Mwenye duka alikataa kubadilisha.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisitumie simu. Simu ina taima, kweli, lakini ukimpa simu mtoto asiye na umakini ili imkumbushe muda, umempa na video zote zilizomo. Tena namba zinazokimbia kwenda sifuri zinampa wangu wasiwasi, anaanza kuandika ovyo. Duara linapungua kimya. Chupa ya mchanga, ile inayopima muda kwa mchanga unaoshuka, nayo ni nzuri kwa kupiga mswaki tu, maana muda wake haubadiliki, na ataigeuza kabla haijaisha.

Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote. Usimgeuzie taima hii kuwa askari. Nimeona nyumba ambamo inawekwa na maneno, "ikilia hujamaliza utaona." Baada ya hapo mtoto anaiogopa, na msichana aliyezoea kujilaumu anapata sababu nyingine ya kujiona mjinga. Kwetu yeye ndiye anayezungusha kishikio. Nauliza, "unafikiri hii itachukua dakika ngapi?" Anakisia, anaweka, tunaona pamoja. Mwanzoni alikuwa anakisia dakika mbili kwa kazi ya nusu saa. Siku hizi anakaribia.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano nadhani ni mapema, na kwa kijana wa sekondari itaonekana ya kitoto, huyo mtafutie saa ya mkononi inayotetemeka. Ukienda kununua, mwambie muuzaji aweke betri palepale, zungusha hadi 60, kisha hadi 5, usubiri ilie. Isikilize pia karibu na sikio. Kama inatoa tiki-tiki, achana nayo, kwa sababu mtoto wako atausikiliza mlio huo badala ya kusoma. Na omba risiti.