Hita plagi moja imekufa: badili hiyo tu au seti nzima?

Hita plagi ndo zile zinazopasha moto silinda za injini ya dizeli kabla hujapiga stata, moja kwa kila silinda. Huku Mtwara mjini joto linatudanganya, plagi moja hata mbili zinakufa na Hilux yako ya dizeli inawaka tu, ipeleke Newala mwezi wa saba ilale nje ndo utajua: asubuhi inatetemeka, moshi mweupe, unapiga stata mpaka betri inachoka.

Kwanza fungua ule mkanda wa chuma unaounganisha plagi, pima moja moja kwa mita ya kupimia umeme. Nzima inasoma kama omu moja hivi, iliyokufa haisomi kitu. Zote nzima? Basi angalia fyuzi na rilei (swichi inayozipelekea umeme), plagi ziache.

Kwa bei, moja inashinda, robo ya hela tu. Ila zile tatu zilizobaki ni rika moja na marehemu, mimi nilibadili moja, wiki ya tatu nikarudi gereji na jirani yake. Na soma volti iliyoandikwa kwenye plagi, ukichanganya, ile ya volti ndogo inaungua mapema.

Kwenye kufungua sasa, hapo ndo seti inanitisha, plagi ya miaka imeng'ang'ania masizi, ikikatikia kwenye silinda hedi (kichwa cha injini) utalia. Pulizia dawa ya kutu usiku, kesho fungua plagi injini ikiwa ya moto, ikigoma usilazimishe.

Gari ya kubebea samaki hapahapa mjini na hela imebana, weka moja. Wewe wa kulala Newala au Tandahimba, chukua seti, zile za zamani ambazo ni nzima tupia kwenye dashibodi ziwe spea.