Draivu ya kunakilia CD: ipi ununue ukiwa Moshi

Kama nyumbani kuna boksi la CD na laptopu yako haina pa kuziingiza, nunua draivu sasa uzinakili kwenye kompyuta, usisubiri. Nasema hivyo kwa ajili ya CD za kwaya. Zile zilizouzwa nje ya kanisa baada ya ibada, nyingi hazikutoka kiwandani. Zilichomwa kwenye kompyuta, moja moja. Zigeuze: mara nyingi chini zina rangi ya kijani au buluu. Rangi hiyo ndiyo imebeba muziki, na jua na joto huila. Za mama yangu zilikaa miaka kwenye dirisha la sebule kule Majengo. Tatu hazisomeki tena kwa mashine yoyote.

Chaguo langu la kwanza, tena kwa mbali, ni draivu kubwa ya deskitopu, ile ya inchi 5.25. Mafundi kompyuta wanazitoa kwenye mashine za mtumba zilizokufa. Ni nzito, na kwa uzoefu wangu husoma mahali penye mikwaruzo ambapo draivu nyembamba zimeshindwa. Lakini inahitaji umeme wa volti 12, kwa hiyo waya wa kuiunganisha na USB lazima uje na adapta yake ya ukutani. Bila adapta, usilipe.

Ya pili ni nyembamba ya USB, ya LG au ASUS. Inakula umeme wa laptopu yenyewe, hivyo umeme wa nyumbani ukikatika kazi inaendelea. Ikianza kuzunguka kisha ikazima, jaribu tundu jingine la USB kabla ya kuilaumu.

Ya tatu, draivu ya laptopu mbovu iliyovalishwa kava la USB. Pima unene kwanza: zipo za milimita 12.7 na za 9.5, na kava zake ni tofauti.

Ya mwisho ni zile zisizo na jina. Mimi nilianza na moja. Ilinakili albamu nzima bila kulalamika, halafu kwenye spika wimbo wa nne ukawa unadonoa, tik, tik, mpaka mwisho.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. CD ya muziki ina sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kwa kila sekunde, na draivu ikishindwa kusoma chache huziba pengo kwa kukisia na kusonga mbele. Hupewi taarifa. Ndiyo maana programu ina uzito sawa na draivu. Kwa Windows tumia Exact Audio Copy, ni ya bure. Hurudia kusoma penye shaka, kisha hulinganisha nakala yako na za watu wengine duniani kupitia AccurateRip, hifadhidata ya mtandaoni. Albamu iliyouzwa nchi nyingi utaikuta humo. Kwaya ya usharika wenu, karibu hakika haimo. Basi iamuru programu isome kila wimbo mara mbili. Kila usomaji hupewa namba ya uhakiki; namba hizo mbili zikilingana, lala usingizi.

Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili ya sauti, si MP3. FLAC haitupi hata chembe ya sauti, na CD ya saa moja, yenye MB 600 na ushei, hushuka hadi karibu nusu. CD 100 zinaingia kwenye GB 40 hivi. MP3 unaweza kuitengeneza baadaye kutoka FLAC kwa ajili ya simu. Ukianza na MP3 hakuna kurudi.

(VCD za kwaya ni jambo jingine. Hizo ni video, na sauti yake ilishapunguzwa tangu mwanzo. Nakili faili zake kama zilivyo.)

Ukienda dukani beba CD yako iliyochubuka kuliko zote, pamoja na laptopu. Futa CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Nakili wimbo wa mwisho hapo hapo kaunta, kwa sababu ndio ulio karibu na ukingo, panapochubuliwa zaidi na vidole. Muuzaji akikataa kujaribu, hamia duka la pili. Na ukifika nyumbani, anza na zile za kijani; za kiwandani zitasubiri.