Kalorimita ya vikombe vya povu: vikombe havina kosa, kipimajoto ndicho kinachoangusha

Kwa kupima joto linalotolewa au kufyonzwa na mmenyuko ndani ya myeyusho, seti hii ndogo inatosha kabisa: vikombe viwili vya povu la polistireni, kimoja ndani ya kingine, kifuniko chenye matundu mawili, kijiti cha kukorogea na kipimajoto. Vikombe vinastahili sifa zote. Kipimajoto cha seti nyingi hakistahili, na mnunuzi akiweke kando mapema.

Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini. Changanya 50 cm³ za asidi ya hidrokloriki yenye moli 1 (moli ni kipimo cha wingi wa chembe) kwa lita na 50 cm³ za hidroksidi ya sodiamu yenye ukolezi huohuo. Kila moli ya maji inayoundwa hutoa kilojouli 57 hivi. Hapa zinaundwa moli 0.05 tu, sawa na kilojouli 2.85. Joto hilo likisambaa kwenye gramu 100 za myeyusho, kwa jouli 4.18 kwa gramu kwa kila nyuzi, halijoto inapanda nyuzi 6.8 basi. Kipimajoto chenye shaka ya nyuzi 0.5 husomwa mara mbili, mwanzo na mwisho, hivyo shaka inafika nyuzi 1 nzima, karibu asilimia 15 ya jibu. Chenye shaka ya nyuzi 0.1 kinaishusha hadi asilimia 3. Hakuna umakini wa mikono utakaofidia tofauti hiyo.

Vikombe vinafanya kazi kwa sababu mbili. Povu limejaa hewa iliyonaswa, kwa hiyo joto halipiti upesi. Tena ni jepesi, kwa hiyo lenyewe hulimeza joto kidogo sana. Bika ya kioo hushindwa kwa yote mawili. Lakini wepesi huo una adha yake: kipimajoto kikiegemea ukingo, kikombe kinapinduka na asidi yote iko mezani. Kikombe kiweke ndani ya bika ya 250 cm³.

Kabla ya kuamini seti mpya, ipime kwa maji. Weka gramu 50 za maji ya nyuzi 20 kikombeni, mimina gramu 50 za nyuzi 40, funika, koroga. Kama hakuna joto lililopotea utasoma nyuzi 30. Ukisoma 29.7, maji ya moto yametoa jouli 2,153 na ya baridi yamepokea 2,027; jouli 126 zilizobaki zimeingia kwenye kikombe, kifuniko na kipimajoto, kama jouli 13 kwa kila nyuzi. Namba hiyo, ikizidishwa kwa badiliko la halijoto, ijumlishwe kwenye kila hesabu inayofuata. Ukisoma 29 au chini ya hapo, kagua kifuniko: mara nyingi tundu la kipimajoto ni pana mno na mvuke unapita pembeni. Kipande cha mpira chenye tundu la kubana kinamaliza tatizo.

Jaribio linaloonyesha uzuri wa kifaa hiki ni zinki na salfeti ya shaba. Yeyusha gramu 5.0 za fuwele za buluu za salfeti ya shaba hadi upate 100 cm³ za myeyusho, kisha chukua 50 cm³. Humo mna moli 0.01. Soma halijoto kila dakika kwa dakika tatu. Dakika ya nne usisome: tia gramu 1 ya unga wa zinki, funika, koroga bila kuacha. Buluu inafifia, shaba ya rangi ya kahawia nyekundu inatua chini, na halijoto inapanda karibu nyuzi 10. Endelea kusoma hadi dakika ya kumi, chora grafu, kisha uurudishe mstari wa kushuka hadi dakika ya nne. Tofauti kati ya halijoto ya hapo na ya mwanzo ndiyo ya kutumia, si kilele ulichokiona kwa macho, maana wakati halijoto inapanda joto lilikuwa tayari linavuja. Jibu la kulenga ni kilojouli 217 kwa moli.

Ukipata 150, usiilaumu povu kwanza. Angalia zinki. Chembe kubwa humenyuka polepole na kilele kinalala. Unga uliokaa wazi muda mrefu una tabaka la oksidi. Na usipokoroga unaganda chini, umevikwa shaba, huku juu bado kuna buluu. Buluu ikibaki, mmenyuko haujaisha, basi hesabu ya moli 0.01 si halali.

Kwa upande wa baridi, gramu 5 za kloridi ya amoniamu kwenye 50 cm³ za maji hushusha halijoto nyuzi 6 hivi. Hapa kosa huwa la alama: halijoto imeshuka, mtu anaandika hasi. Myeyusho umepoa kwa sababu chumvi, ilipokuwa ikiyeyuka, imefyonza joto kutoka kwenye maji, kwa hiyo badiliko la nishati ni chanya, kama kilojouli 15 kwa moli.

Seti zinazoongeza kopo na taa ya spiriti kwa ajili ya kupima joto la kuungua hazistahili nyongeza hiyo. Ethanoli hutoa kilojouli 1,367 kwa moli, lakini chini ya kopo lililo wazi sehemu kubwa inakwenda hewani na masizi yanabaki kitakoni.

Usitie asetoni kwenye vikombe hivi. Povu linayeyuka papo hapo. Nunua vikombe vya akiba vyenye ukingo wa kipenyo kilekile, maana kifuniko kisipobana, jouli 13 ulizozipima hazitumiki tena na kipimo cha maji kinaanza upya.