Kitalu cha miche Tabora: upandaji wa kuridhisha, utunzaji wa kiangazi wenye mapengo

Desemba mwaka jana, wakazi wa mtaa wetu huku Ipuli, mjini Tabora, tulichangishana fedha tukanunua miche 12 katika kitalu cha mtu binafsi kilichoko pembezoni mwa mji, pamoja na huduma ya kuipanda kando ya barabara na kuitunza kwa mwaka mmoja. Jina la kitalu nalihifadhi, kwa kuwa sehemu ya nitakayoyaeleza si sifa.

Kilichonivutia mwanzoni ni kwamba mhudumu hakuanza na bei. Aliuliza nyaya za umeme zinapita upande gani, bomba la maji limefukiwa wapi na mbuzi wa mtaani ni wa nani, ndipo akakataa kutuuzia miembe ya kupanda chini ya nyaya, akatupa mipera kwa upande huo, na miembe na miarobaini kwa upande wa pili. Alitushauri pia tusisubiri Aprili Mosi, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Kwa Tabora ushauri huo ni sahihi, kwani mvua huanza Novemba na ifikapo Aprili zimeshaanza kuaga, hivyo mche unaopandwa siku hiyo hupata wiki chache tu za mvua kabla ya kukabiliana na kiangazi kinachofika hadi Oktoba.

Siku ya kupanda, vijana wawili walichimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu wakauweka upande wake na wa chini upande wake, kisha ule wa juu wakauchanganya na samadi iliyooza na kuutanguliza shimoni. Kila kiriba, yaani mfuko uliooteshewa mche, kilichanwa kwa wembe. Katika mwarobaini mmoja tulikuta mzizi mkuu umejizungusha chini ya kiriba mithili ya ngata, dalili ya mche uliokaa kitaluni kupita kiasi. Kijana aliuweka kando bila kuombwa, na kesho yake akaleta mwingine.

Hadi Julai sikuwa na lalamiko. Uzio wa matete ulikuwa imara, na kando ya kila mche palifukiwa chupa ya lita moja na nusu, iliyogeuzwa mdomo chini na kukatwa kitako, ambayo ilijazwa maji mara mbili kwa wiki kama tulivyokubaliana. Mambo yaliharibika Agosti. Septemba nzima walikuja mara moja tu, nasi tukawa tunabeba maji ya kusuuzia nguo. Mipera miwili ilikauka. Mwembe mmoja nilipoushika uling'oka kama kigingi: mchwa walikuwa wameguguna gome mzunguko mzima usawa wa ardhi, kwa sababu nyasi za matandazo zilirundikwa hadi kwenye shina badala ya kuachiwa nafasi. Mipera waliirudishia bila ubishi. Kuhusu mwembe walidai kwamba nyasi tulizirundika sisi, jambo ambalo si kweli.

Bei ilikuwa shilingi 15,000 kwa mti pamoja na uzio na utunzaji, ilhali mche pekee waliuuza 2,000. Baadhi ya majirani waliona tumepunjwa. Mji huu una miembe ya kale, iliyoanza kupandwa enzi za misafara, na pengine ndiyo inayotufanya tudhani kwamba mti hapa hujiotea. Mimi naona 15,000 ni bei ya haki, ila thamani yake iko katika miezi ile ya Agosti hadi Oktoba, ambayo ndiyo waliyoizembea.

Mwarobaini ulio mbele ya duka la kona sasa unanifika begani. Msimu huu tumeagiza miche mingine minane kwao, kwa sharti lililoandikwa kwamba nusu ya fedha za utunzaji watalipwa Oktoba 31, baada ya kuhesabu iliyo hai.